Ding dong, mkanda mwembamba au mkanda mpana: mashine ipi ya kupasulia mbao inakufaa?

Anayetaka kuanza kupasua mbao leo, awe Mufindi, Njombe au Elburgon kule Kenya, mwishowe hubaki na mashine tatu kichwani. Ya kwanza ni ding dong, ule msumeno wa duara unaozungushwa na injini ya dizeli huku vijana wakisukuma gogo kwa mikono. Ya pili ni msumeno wa mkanda mwembamba, mashine ya kulala ambayo gogo hutulia na kichwa cha mashine ndicho hutembea juu ya reli. Ya tatu ni mkanda mpana: magurudumu mawili ya chuma cha kusubu yaliyosimama moja juu ya jingine, kila moja lina kipenyo cha mita 1 hadi 1.5 au zaidi, na toroli zito linapeleka gogo kwenye bledi.

Wauzaji huanza na swali la mbao ngapi kwa siku. Mimi naanza na jingine: bledi ikiishiwa makali saa nne asubuhi, nani ataishughulikia, kwa kifaa gani, na vijana watakaa chini muda gani wakisubiri? Nimeona watu wakinunua mashine nzuri kabisa bila kuwa na jibu la swali hilo, na ikaishia kufunikwa turubai.

Basi vigezo nitakavyotumia ni hivi: gogo moja linatoa mbao ngapi, magogo uliyonayo ni ya ukubwa gani na yanakuja kwa uhakika gani, matunzo ya bledi, nguvu, mahali na usalama, halafu fedha na watu. Kigezo cha matunzo nimekipa nafasi kubwa kuliko vingine kwa makusudi.

Gogo linatoa mbao ngapi

Hapa hesabu inasema yenyewe. Chukua gogo lililokwisha kutolewa mabanzi pande zote, limebaki na unene wa milimita 300, nawe unataka mbao za milimita 25, yaani inchi moja kwa lugha ya sokoni.

Ding dong yenye diski nene hula milimita 6 hivi kila inapopita. Mbao 9 na mikato 8 iliyo kati yake ni milimita 273. Ya 10 haitoki, kwa kuwa ingetaka milimita 304. Mkanda mpana unaokula milimita 3 unatoa mbao 10. Mkanda mwembamba unaokula milimita 2 unatoa 11, na milimita 5 zinabaki.

Ukiishia hapo utasema mkanda mwembamba umeshinda. Subiri kwanza. Bledi ya upana wa milimita 32 au 38 haina ukakamavu wa bledi ya milimita 150. Ikikutana na fundo gumu ikiwa imeishiwa makali, hupanda au kushuka, na ubao unatoka na mawimbi. Mpasuaji anayeogopa mawimbi huweka akiba: badala ya milimita 25 anapasua 28 ili randa ipate cha kula. Kwa unene huo, gogo letu linatoa mbao 10 tu, sawa na mkanda mpana. Kwa upande mwingine, ding dong yenye diski nyembamba iliyotunzwa vizuri, inayokula milimita 5, nayo inafikisha 10 kwa unene wa 25. Kwa hiyo faida ya mkanda ipo, lakini si ya kudumu. Inaletwa na makali, na inaondoka nayo.

Jambo moja zaidi kuhusu duara: diski hufika kina kisichozidi nusu ya kipenyo chake. Gogo likikua, diski lazima ikue, na diski kubwa lazima iwe nene isiyumbe. Mkanda hauna tatizo hilo.

Magogo na uhakika wake

Shamba la Miti Sao Hill, lililo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali Tanzania, na paini ya umri wa kuvunwa kutoka huko huja na magogo manene ya kueleweka. Lakini mbao nyingi zinazopita sokoni siku hizi zinatoka mashamba ya watu binafsi, miti iliyokatwa mapema kwa sababu ya ada ya shule au msiba. Magogo hayo ni membamba, mengine hayafiki sentimita 20.

Kwa magogo membamba, mkanda mpana wenye toroli ni nguvu inayopotea. Toroli linakwenda na kurudi kwa ajili ya ubao mmoja au miwili. Mpana unaonyesha thamani yake kwenye magogo ya sentimita 40 kwenda juu yanayoingia mfululizo, ambako bledi inakimbia mita 35 hadi 45 kwa sekunde na gogo halikai. Mkanda mwembamba uko katikati: unapokea gogo nene pia, ila kwa mwendo wake. Ding dong hufanya vizuri kwenye magogo membamba na mafupi, hasa pale ambapo kubeba magogo hadi barabarani kunagharimu kuliko kuisogeza mashine yenyewe.

Kuna suala la uhakika ambalo watu hulisahau. Kenya ilisitisha uvunaji katika misitu ya umma Februari 2018, na zuio likadumu hadi Rais Ruto alipotangaza kuliondoa Julai 2023. Miaka mitano na zaidi. Mwenye mashine ndogo huihamishia kwenye miti ya shamba la jirani. Mwenye mkanda mpana uliokazwa kwa boliti kwenye zege, tena kwa mkopo wa benki, hana pa kuihamishia. Kama magogo yako yanategemea mgao wa kibali wa kila mwaka, hilo liwe kwenye hesabu zako kabla ya yote.

Matunzo ya bledi

Mwingereza William Newberry alipata hataza ya msumeno wa mkanda mwaka 1808, na mashine ikakaa miongo kadhaa bila faida kubwa. Tatizo halikuwa mashine, bali bledi: hakuna aliyeweza kuunganisha ncha mbili za mkanda zikavumilia kupindwa muda wote. Mwaka 1846 Mfaransa Anne Paulin Crepin alipata njia ya kuziunganisha, na hapo ndipo mambo yakaanza kwenda. Tangu siku hizo hadi leo, mwenye msumeno wa mkanda anapambana na adui yuleyule, uchovu wa chuma.

Piga hesabu. Mkanda mpana wenye magurudumu ya mita 1.2 huwa na bledi ya karibu mita 8. Magurudumu yakizunguka mara 600 kwa dakika, kila sehemu ya bledi inapindwa na kunyooshwa mara elfu 30 na kitu kwa saa. Ndiyo maana mafundi wana kanuni yao: unene wa bledi usizidi sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu. Gurudumu la mita 1.2, bledi ya milimita 1.2 au pungufu. Ukifunga bledi nene zaidi ukidhani ndiyo imara, inapasuka mapema kuliko nyembamba.

Mkanda mwembamba haufuati kanuni hiyo, wala hauwezi. Magurudumu yake ni ya sentimita 48 hivi na bledi ina unene wa karibu milimita 1.1, yaani sehemu moja ya 450 tu. Inapindwa kwa ukali maradufu. Kwa hiyo bledi yake imeundwa ikijulikana kwamba itakufa kwa uchovu. Inanolewa mara kadhaa, halafu nyufa zinaanza kwenye mabonde ya meno, na inatupwa. Huu si ubovu, ndio mpango wenyewe. Unanunua kwa boksi, unazitumia kwa zamu.

Tuanze na ding dong. Matunzo yake ni ya tupa, kifaa cha kupinda meno na jicho. Karibu kila kijiji chenye mbao kina mtu anayeweza kunoa diski ikiwa bado imefungwa kwenye mashine. Hiyo ni nguvu kubwa, na wanaoidharau ding dong hawaitaji. Shida inaanza diski inapopata joto na kuanza kuyumba kama sahani. Hapo tupa haisaidii. Inatakiwa kushushwa, kuwekwa juu ya fuawe na kupigwa nyundo kwa utaratibu hadi sehemu ya kati irudishe mvutano wake, na kazi hiyo wanaoijua ni wachache. Wengi huendelea kupasua diski ikiyumba, njia ya mkato inapanuka hadi milimita 8, na mwenye magogo ndiye anayelipia.

Mkanda mwembamba unataka nidhamu zaidi kuliko ufundi. Badilisha bledi kila baada ya saa moja au mbili za kupasua, kabla haijakulazimisha. Legeza mvutano kila unaposimama, hata wakati wa chai, maana bledi iliyoachwa imekazwa kwenye magurudumu inajikunja ikiwa imetulia. Paini ina utomvu unaoganda ubavuni mwa bledi, hivyo dondosha maji yenye sabuni kidogo wakati wote. Magurudumu ya nyingi ya mashine hizi yamevalishwa mikanda ya mpira. Ikilika hadi bledi inagusa chuma, bledi zitakatika mfululizo nawe utaulaumu ubora wa bledi. Mashine ndogo ya kunolea na ya kupindia meno ni sehemu ya ununuzi, si nyongeza. Kijana makini hujifunza kuzitumia ndani ya wiki chache. Kosa la kawaida ni kunoa kwa pupa: jiwe likikandamizwa sana, ncha ya jino inageuka bluu. Ncha hiyo imeungua, na itavunjika au kulika kabla ya chakula cha mchana.

Sasa mkanda mpana. Hapa tunaongelea chumba, mafundi na vifaa vya peke yake, mara nyingi ghorofani juu ya mashine ili bledi ishushwe moja kwa moja. Kuna meza ndefu ya kulaza bledi, bamba la chuma lililonyooka, mashine ya rola, nyundo, mashine ya kunoa inayojiendesha, na vifaa vya kuchomelea bledi iliyokatika.

Fundi akipokea bledi kutoka kazini, kwanza anaisafisha utomvu na kupekua mabonde ya meno akitafuta ufa. Ufa mfupi anaugonga kwa nukta ya patasi ya ncha mwishoni mwake ili usiendelee. Mrefu unakatwa na kuchomelewa. Kisha anainyoosha kwa nyundo, uvimbe mmoja mmoja. Baada ya hapo ndipo kazi inayotenganisha mafundi. Bledi ikiwa kazini, ukingo wenye meno hupata joto na kurefuka, na ukilegea bledi inatangatanga ndani ya gogo. Kwa hiyo fundi anapitisha bledi kati ya rola mbili zinazoibana katikati ya upana wake, mstari kwa mstari, hadi sehemu ya kati irefuke kidogo na kingo zibaki zimekazika. Anapima kwa kuinua kipande cha bledi, kulaza rula kwa upana wake na kutazama mwanga unaopenya chini. Mwanga mwembamba, uliojikunja sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, ndio anaoutafuta. Ukiwa mkubwa upande mmoja, bledi itahama kwenye magurudumu. Usipoonekana kabisa, bledi haina mvutano, na hata ungeinoa namna gani haitapasua ubao ulionyooka.

Meno ya mkanda mpana hayapindwi kushoto na kulia kama ya mwembamba. Kwa kawaida ncha ya kila jino inabanwa hadi ipanuke pande zote mbili, kisha inasawazishwa kwa kifaa kingine, ndipo inolewe. Kila jino linakata pande zote, na uso wa ubao unatoka laini. Kwa miti migumu yenye mchanga ndani, au mvule ambao wakati mwingine huficha mawe ya chokaa ndani ya gogo, ncha huongezwa stelaiti, aloi ya kobalti na kromiamu. Kwa paini, kupanua ncha kunatosha. Stelaiti ni gharama bila sababu.

Bledi inabadilishwa kila baada ya saa nne hivi, ikate au isikate vizuri. Inayotoka inaachwa ipumzike kabla ya kunolewa. Ina maana unahitaji walau bledi tatu au nne kwa mashine moja: moja iko kazini, moja imepumzika, moja mezani kwa fundi, na moja ya akiba. Magurudumu nayo yanalika. Uso wake ukishapoteza umbo, bledi hukimbia mbele au nyuma, na lazima yasagwe upya yakiwa hapo hapo kwenye mashine. Angalia pia meno yatokeze nje ya ukingo wa gurudumu; yakipanda juu ya gurudumu yanapoteza upana wao na kulichimba.

Malipo ya kazi yote hiyo ni haya: bledi pana iliyotunzwa vizuri inaishi muda mrefu, ikipungua upana kidogo kidogo kwa kunolewa, ilhali boksi zima la bledi nyembamba limeshakwenda kwenye vyuma chakavu. Chuo cha Viwanda vya Misitu Moshi, maarufu kwa jina la FITI, hufundisha utunzaji wa misumeno. Ukipata kijana aliyepita huko na akashika nyundo chini ya fundi mzee, mlipe vizuri. Akihama, mashine yako imehama naye.

Nguvu, mahali na usalama

Ding dong haihitaji umeme wala zege. Inavutwa hadi shambani na inaanza kazi siku hiyohiyo. Mkanda mwembamba upo wa dizeli, petroli au umeme, na mingine ina magurudumu ya kukokotwa na gari. Wood-Mizer ya Marekani ilianza na aina hiyo mwaka 1982, na leo kuna watengenezaji wengi. Inataka ardhi iliyosawazishwa tu. Mkanda mpana unahitaji umeme wa njia tatu ulio imara, mota ya kilowati 37 au zaidi, msingi wa zege na paa. Umeme ukikatika katikati ya gogo, kuitoa bledi bila kuiharibu ni kazi ya nusu saa.

Kwa usalama, ding dong ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu mikono iko karibu na diski na gogo laweza kurushwa nyuma likambana msukumaji. Mkanda mpana ukikatika huwa na hasira kubwa, ila wahudumu wake husimama mbali na kinga zake ni za kudumu. Mwembamba una nguvu ndogo kuliko zote, jambo linalowafanya watu wauzoee na kuacha kuvaa miwani.

Fedha na watu

Kwa ununuzi, ding dong ni nafuu, mwembamba uko katikati, mpana ni ghali. Hilo kila mtu analijua. Kisichosemwa ni kwamba bei ya mkanda mpana kwenye tangazo mara nyingi ni ya mashine pekee. Rola, mashine ya kunoa, kifaa cha kupanua ncha na meza ya fundi havimo. Uliza kimoja kimoja, kwa maandishi.

Gharama za kila siku zinageuka kichwa chini. Ding dong inakula mafuta na magogo. Mwembamba unakula bledi. Mpana unakula mshahara wa fundi na umeme, lakini ukipata magogo ya kutosha, gharama kwa kila ubao inashuka chini ya zote. Usipoyapata, mshahara na riba vinaendelea kukimbia mashine ikiwa imelala.

Kulingana na hali yako

Una ekari chache za paini yako na ya majirani, magogo membamba, barabara mbovu. Mkanda mwembamba wa dizeli utakufaa ukikubali nidhamu ya kubadilisha bledi. Kama mtaji haufiki na una kijana anayejua tupa, ding dong yenye diski nyembamba inayonolewa kwa wakati si aibu hata kidogo.

Unapasua kwa kukodishwa, leo kijiji hiki kesho kile. Chagua mashine inayokokotwa, na beba bledi zilizonolewa za kutosha siku nzima. Usinolee shambani kwenye vumbi.

Una ding dong tayari na unataka kukua. Usiiuze haraka. Nunua mkanda mwembamba ufanye upasuaji wa gogo, na ding dong ibaki kukata kingo za mbao, kazi ambayo unene wa njia yake hauna madhara makubwa.

Unapasua mikaratusi zaidi. Mti huu una mvutano wake wa ndani. Ubao unapinda ukiwa bado unapasuliwa na kuibana bledi. Mkanda mpana unastahimili zaidi, lakini mwembamba unaweza pia ukiligeuza gogo mara kwa mara, upande huu na ule, badala ya kulimaliza upande mmoja.

Una kibali cha uhakika au shamba lako kubwa, magogo ya sentimita 40 kwenda juu, umeme wa njia tatu na zamu mbili. Hapo mkanda mpana unajilipa, kwa sharti kwamba fundi wa misumeno ameajiriwa kabla mashine haijapakiwa melini.

Na kama unanunua mkanda mpana uliotumika, usianze kwa kutazama rangi wala mota. Omba rula ndefu, ilaze kwenye uso wa kila gurudumu uone lilivyolika. Shika gurudumu kwa juu na chini ulitikise, usikie kama beringi zimelegea. Kisha omba kuona chumba cha misumeno na bledi zilizopo, uinue moja na kupekua mabonde ya meno. Ukikuta nyufa zimeachwa bila kugongwa nukta, au muuzaji akikuambia bledi walikuwa wakizipeleka kunolewa mjini, punguza bei hadi ikutoshe kununua magurudumu mapya.